KIKULACHO KI SOKETINI MWAKO

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mimi mwaka huu nimegundua kuwa kuna kingine kimejibanza soketini. Kimekula pesa za wazazi wangu, kikanisingizia mimi, na nusura kinikatize masomo. Kaa kitako nikueleze ni kitu gani, nilikinasa vipi, na wewe utakikomesha namna gani kwenu nyumbani.

CHANZO CHA VITA

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa hatuna masomo ya usiku bwenini. Tukitoka hapa jioni tunapiga miguu hadi nyumbani, tunachota maji, tunaosha vyombo, tunasaidia kupika, kisha ndipo kitabu hufunguliwa. Saa zangu za kusoma ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita. Bila stima hakuna kusoma.

Nyumbani kwetu, katika mtaa mmoja hapa Nakuru, tunatumia mita ya tokeni. Bila shaka unaijua: unalipa kwa simu, unaletewa nambari yenye tarakimu 20, unazibonyeza moja moja, na uniti zinaingia. Tokeni ya shilingi 500 ilikuwa ikitupa uniti 20 hivi, na uniti hizo zilitufikisha siku 15. Jioni moja katika muhula wa kwanza, ugali ukiwa ndiyo kwanza umewekwa mezani, giza likaingia ghafla. Baba akafoka:

"Hii stima inaisha aje? Si juzi tu nimeweka tokeni?"

Kimya. Hata ndugu yangu mdogo, ambaye kwa kawaida mdomo wake haupoi, aliufyata.

"Ni huyu na vitabu vyake," baba akaendelea. "Mpaka saa sita usiku taa inawaka tu. Kuanzia leo, ikifika saa tatu unusu taa zote ziwe zimezimwa. Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba," nilijibu huku machozi yakinilengalenga.

Ningefanyaje? Kubishana na mzazi si adabu. Lakini mwaka ujao nitakalia mtihani wa KCSE, na vitabu havisomwi kwa mwanga wa mbalamwezi. Haukupita muda mrefu nikaanza kuvuna nilichopanda gizani. Katika jaribio la Fizikia niliambulia alama 31 kwa 100. Mwalimu aliponiuliza kulikoni, nilimmwagia mtama wote. Sikutarajia jibu lake.

"Una hakika ni balbu yako inayomaliza tokeni? Umepima?"

Sikuwa nimepima. Baba pia hakuwa amepima. Kwetu hakuna aliyewahi kupima chochote.

KUZIMA SI KUZIMA

Kabla ya kukupeleka kwenye mita, hebu tuelewane jambo moja. Unapobonyeza kitufe chekundu cha rimoti na picha ya runinga ikatoweka, wewe husema umeizima. Kumbe umeilaza tu! Tazama vizuri: kuna kitaa kidogo chekundu kimebaki kikikutazama.

Sababu ni rahisi. Rimoti huituma amri yake kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ili runinga iipokee amri hiyo kesho asubuhi, lazima sehemu yake moja ikae macho usiku kucha, kama bawabu langoni. Bawabu huyo hula stima. Wufa yenye rimoti ina bawabu wake. Mashine ya kuchezea kanda za video za dijitali ina wake, na pengine ina saa inayowaka. Dikoda ndiyo imezidi: hata ukiilaza, nyingi huendelea kuwasiliana na mitambo, zikipokea ratiba za vipindi. Kwa hiyo dikoda iliyolala huweza kula karibu sawa na iliyo macho.

Chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu nayo hula, ingawa chaja za kisasa hula kidogo mno. Ukitaka kujua kama kifaa kilichozimwa bado kinakula, weka kiganja juu yake. Dikoda yetu ilikuwa na joto hata alfajiri. Tulifunzwa kidato cha kwanza kuwa nishati haipotei, hugeuka tu. Joto lile ni tokeni ya baba iliyogeuka.

Wataalamu wa dunia waliliona jambo hili zamani. Mwaka wa 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris, lilianzisha mpango wa kuwahimiza watengenezaji wahakikishe kifaa kilicholala hakili zaidi ya wati moja. Umoja wa Ulaya ukaweka sheria mwaka wa 2008: kuanzia 2010 vifaa vingi vya nyumbani visizidi wati 1 vikiwa vimelala, au wati 2 ikiwa vinaonyesha saa au maandishi. Mwaka wa 2013 viwango hivyo vikapunguzwa kwa nusu. Ndiyo maana runinga mpya hulala bila kula sana. Lakini wangapi wetu tuna runinga mpya? Ya kwetu ni ya mtumba kutoka Uingereza, na wufa yetu imenunuliwa kwa fundi. Wakongwe hawa walitengenezwa kabla sheria haijakaza kamba.

WATI NA UNITI

Neno wati limetokana na jina la James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyefariki mwaka wa 1819. Wati hutuonyesha kasi ya kula. Balbu yangu imeandikwa wati 9, na pasi yetu imeandikwa wati 1200. Uniti moja ya tokeni ni wati 1000 zikiliwa kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo pasi humaliza uniti moja kwa dakika 50, na balbu yangu huhitaji saa 111!

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama kweli mimi ndiye mwizi.

Mwalimu alinifunulia siri moja ya mita ambayo wengi hatuijui. Ukiitazama utaona kitaa chekundu kinachokonyeza. Kando yake pameandikwa mara ngapi kinakonyeza kwa uniti moja. Yetu imeandikwa 1000. Ya kwenu huenda ikawa 1600 au nambari nyingine, kwa hiyo isome kwanza. Kwa mita ya 1000 hesabu ni nyepesi kama unyoya: ikikonyeza mara 24 kwa saa moja, basi nyumba yenu inakula wati 24. Hakuna haja ya kifaa cha bei ghali. Saa ya mkononi, kalamu na subira vinatosha.

USIKU WA UPELELEZI

Ijumaa moja, baada ya kila mtu kulala, nilitoka polepole na daftari langu, saa ya mama na tochi. Mita yetu iko ukutani katika ujia wa ploti. Taa zote za nyumba zilikuwa zimezimwa kama baba alivyoamuru. Friji hatuna. Kwa maoni ya baba, saa ile tulikuwa hatutumii stima hata chembe.

Mita ikakonyeza. Nikaanza kuhesabu. Baada ya dakika mbili na nusu ikakonyeza tena. Dakika mbili na nusu nyingine, tena. Nilirudia mara tatu ili nisijidanganye. Dakika 60 ukigawanya kwa 2.5 unapata 24. Nyumba iliyolala fofofo ilikuwa inakula wati 24, zaidi ya mara mbili na nusu ya balbu yangu!

Nikarudi ndani kwa kunyata, nikaisogeza meza ya runinga, nikachomoa dikoda. Sasa mita ikakonyeza kila baada ya dakika 5, yaani wati 12. Kumbe dikoda peke yake ilikuwa inakula wati 12! Nikachomoa wufa. Muda ukarefuka hadi dakika 15, yaani wati 4. Wufa nayo ilikuwa na wati 8 zake. Zile wati 4 zilizobaki ziligawanwa na runinga, mashine ya video na chaja mbili.

Nilipokuwa nimechuchumaa pale, mlango wa pili ukafunguka. Jirani yetu, mama mmoja asiyepitwa na jambo, alinimulika usoni.

"Wewe msichana, unaiba stima usiku huu?"

"Hapana, mama. Namtafuta anayeiba."

Alinitazama kama aliyeona mwendawazimu, akafunga mlango kwa komeo mbili.

Mwisho nikazima soketi zote na kungoja nusu saa nzima. Mita haikukonyeza hata mara moja. Nikajua nimemnasa.

HUKUMU

Asubuhi nilimpelekea baba daftari. Kwa sababu uniti kwetu ilikuwa ikitoka karibu shilingi 25, nilitumia bei hiyo.

Balbu yangu: wati 9 kwa saa 3 kila usiku, kwa siku 30, ni uniti 0.81. Hizo ni kama shilingi 20 kwa mwezi.

Vifaa vilivyolala: wati 24 kwa saa 20 kila siku (kwani hutumika kwa saa 4 hivi tu), kwa siku 30, ni uniti 14.4. Hizo ni shilingi 360 kwa mwezi.

Baba hakusema neno. Yeye ni fundi seremala, na mbao zake huzipima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Alichukua ile penseli anayoiweka juu ya sikio, akaifanya hesabu upya. Akairudia. Kisha akaenda mwenyewe kwenye mita na saa yake. Aliporudi alikuwa mpole.

"Kwa hivyo ni dikoda," alisema.

"Dikoda na wenzake, baba."

"Na mimi nilikuwa nakuzimia taa." Akanyamaza kidogo. "Basi twende mjini tukanunue dawa ya hiyo kitu."

EKSTENSHENI ISIYO YA KAWAIDA

Mwenzangu utauliza: soketi za ukutani si zina swichi? Mbona msizime hapo bila kutumia hata ndururu? Swali zuri sana, na ikiwa swichi ya kwenu iko mahali wazi, fanya hivyo leo leo. Shida ni kuwa soketi nyingi zimejificha nyuma ya makabati na makochi. Mimi usiku ule nilisogeza meza mara nne. Hakuna mtu atakayesogeza meza kila usiku. Faida kubwa ya ekstensheni ya kuokoa stima ni kuileta swichi karibu na mkono wako.

Zipo za aina mbalimbali. Ya kwanza ina swichi moja kubwa inayokata soketi zake zote kwa pamoja. Ya pili ina swichi yake kwa kila tundu, hivyo unaweza kuzima wufa na kuacha chaja ikiendelea. Ya tatu ina saa ndani yake: unaipangia izime saa tano usiku na kuwaka jioni. Ya nne ndiyo yenye akili zaidi. Ina soketi moja kuu ambamo unachomeka runinga, na soketi nyingine zinazoifuata. Ukiilaza runinga, ekstensheni hutambua kuwa mkondo wa stima umepungua katika soketi kuu, basi yenyewe huwakatia stima dikoda, wufa na wengine wote. Ni kama ng'ombe kiongozi: akilala, zizi lote hulala.

Aina hii ya nne hatukuiona katika maduka tuliyoyapitia. Tulinunua ile ya pili kwa shilingi 800. Baba aliipigilia kibao ukutani kando ya mlango wa chumba cha kulala, nami nikabandika vikaratasi: RUNINGA, DIKODA, WUFA, VIDEO. Sheria ikawa hii: anayekwenda kulala mwisho ndiye anayefunga duka.

Je, ilifaulu? Tokeni ya shilingi 500, ambayo ilikuwa ikikaa siku 15, sasa ilikaa siku 21. Kwa mwezi tulikuwa tumeokoa uniti 11 hivi. Hatukufikia zile 14 kwa sababu kuna siku ndugu yangu mdogo alisahau, na siku nyingine nilisahau mimi mwenyewe. Kwa bei ya shilingi 25, uniti 11 ni shilingi 275. Ekstensheni ya shilingi 800 ilijilipa yenyewe kwa miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza kibaba!

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Ekstensheni ni mtumishi mwema, lakini ukimtwika kupita kiasi atakuchomea nyumba. Shika haya:

1. Plagi zetu za miguu mitatu huwa na fyuzi, kubwa yake ikiwa ya ampea 13. Stima yetu ni volti 240. Zidisha, utapata wati 3120. Hicho ndicho kikomo cha ekstensheni nzima, si cha kila tundu. Jagi ya kuchemshia maji ya wati 2000 pamoja na pasi ya wati 1200 tayari zimevuka mpaka. Vifaa vya moto vichomekwe ukutani peke yake.

2. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Kikomo hakiongezeki, ila hatari ndiyo inayoongezeka.

3. Usiikunje waya ikiwa inafanya kazi, wala kuifunika kwa zulia. Joto litakosa pa kutokea.

4. Fyuzi ikiungua, nunua nyingine ya kipimo kile kile. Wapo wanaoweka kipande cha waya au karatasi ya sigara badala yake. Huko ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi funguo.

5. Kompyuta izimwe kwanza kwa utaratibu wake ndipo ukate swichi. Friji isiwekwe kwenye ekstensheni inayozimwa usiku, usije ukaamka na kukuta maziwa yameganda.

6. Dikoda ikikatiwa stima huchukua dakika chache kuamka. Iwashe kabla taarifa ya habari haijaanza, usije ukazua ugomvi mpya na wazee.

Tena nisikudanganye. Ekstensheni haitapunguza stima ya pasi wala ya hita ya kuogea, kwa sababu hizo hazilali zikikula. Hula zikiwa kazini. Kama kwenu mna hita, kuoga kwa haraka kutaokoa zaidi ya swichi zote hizi. Pima kwanza, ujue mwizi wako ni nani. Usimfunge balbu kwa kosa la dikoda.

SI KWETU TU

Labda utasema, "Wati 24 ni kitu gani kwa taifa zima?" Chukulia nyumba milioni moja kama yetu, zote zimelala hivyo hivyo. Hizo ni megawati 24 mchana kutwa. Kituo cha stima cha bwawa la Masinga, kule Mto Tana, kina uwezo wa megawati 40. Zaidi ya nusu yake ingekuwa inawalisha mabawabu wa runinga ambazo hakuna anayezitazama!

Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ya 1999 na 2000, ukame ulipokausha mabwawa hayo na stima ikawa ya kugawanywa kwa zamu. Leo tunapata stima nyingi kutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika kaunti yetu hii hii, na kutokana na upepo wa kando ya Ziwa Turkana, ambako mashine 365 zinaweza kutoa megawati 310. Hata hivyo, kisima hakidharauliwi kwa kuwa kimejaa.

TAMATI

Mimi sasa nasoma hadi saa sita bila kuogopa. Baba mwenyewe ndiye hupita na kuuliza, "Umefunga duka?" Katika mtihani wa mwisho wa muhula wa pili alama yangu ya Fizikia ilikuwa 58. Si ya kujivunia sana mbele ya mabingwa wa darasa letu, lakini 31 nimeiacha nyuma. Hata jirani yule wa mlango wa pili alinijia juzi na saa mkononi, akitaka nimfundishe kusoma mita yake.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku kabla hujalala zima taa zote, kisha utoke na kuitazama mita yenu. Ikiendelea kukonyeza, jua kuna anayekula gizani. Hesabu muda wake, uandike, halafu niletee tulinganishe. Nipo kidato cha tatu, dawati la pili karibu na dirisha.